Kifo cha Robin na Kura ya Simu: Fanani, Hadhira na Mmiliki katika Hadithi za Majagina wa Katuni

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imekubalika kwa muda mrefu kwamba hadhira ni mtunzi wa pili. Fanani husimulia huku akizitazama nyuso. Akiona watoto wanasinzia hufupisha, akiona wanachangamka hurefusha, na huenda akalazimika kumnusuru sungura ambaye amekwisha kumtia mtegoni kwa kuwa waliomzunguka wamekataa afe. Ufaraguzi huu tumezoea kuusifu. Hata hivyo, tendo lilo hilo likitokea katika maandishi yanayouzwa, sifa hugeuka lawama: mtunzi husemekana amejiuza, amewaandikia wanunuzi, ameupoteza uadilifu wake wa kisanaa. Makala haya yananuia kuuchunguza ukinzani huo kwa kurejelea utanzu ambao haujapewa nafasi kubwa katika idara zetu za fasihi, yaani hadithi za katuni za majagina zilizochapishwa nchini Marekani tangu mwaka 1938. Tutajikita hasa katika tukio moja la Septemba 1988, wakati kampuni ya DC Comics ilipowaachia wasomaji waamue kwa simu iwapo mhusika mmoja angeishi au angekufa.

Yamkini msomaji atauliza ni kwa nini jarida la uhakiki wa fasihi lijishughulishe na Batman na Spider-Man. Jibu letu ni kwamba ni vigumu kupata masimulizi mengine ya maandishi ya zama zetu ambayo yamedumu muda mrefu kiasi hiki bila kukoma, yakipita katika mikono ya watunzi wengi kiasi hiki. Superman alibuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster. Shuster alifariki mwaka 1992 na Siegel mwaka 1996, lakini mhusika wao angali anaandikiwa visa vipya. Kwa sifa hiyo, hadithi hizi zinakaribiana na migani zaidi ya zinavyokaribiana na riwaya. Tofauti ni kwamba migani ni mali ya jamii, ilhali majagina hawa ni mali ya kampuni, na tofauti hiyo ndiyo itakayotushughulisha.

Wahakiki wengi wanapolijadili suala hili hulieleza kama mvutano wa pande mbili: upande mmoja shabiki na matakwa yake, upande wa pili mtunzi na dhamiri yake. Tunadai kwamba mgawanyo huo unapotosha. Kwanza, unachukulia kwamba kuna namna moja tu ya kuisikiliza hadhira. Pili, unamsahau mmiliki.

Tuanze na hadhira. Katika utanzu huu mpaka baina ya msomaji na mtunzi ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Mwaka 1932, miaka sita kabla ya Superman kuchapishwa, Siegel na Shuster walikuwa vijana waliojichapishia kijarida cha hadithi za kisayansi huko Cleveland. Mwaka huo huo Julius Schwartz na Mort Weisinger, ambao baadaye wangekuwa wahariri mashuhuri wa DC, walikuwa wakichapisha kijarida chao cha mashabiki, The Time Traveller. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Schwartz, ambaye sasa alikuwa mhariri, alianza kuchapisha katika ukurasa wa barua majina ya waandishi wa barua pamoja na anwani zao kamili. Jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini athari yake ilikuwa kubwa: wasomaji walianza kuandikiana wao kwa wao bila kumpitia mhariri. Katika mtandao huo ndimo kilimozaliwa Alter Ego mwaka 1961, kijarida kilichoanzishwa na Jerry Bails kwa ushirikiano na mwalimu kijana wa Missouri aliyeitwa Roy Thomas. Miaka minne baadaye Thomas aliajiriwa na Marvel, na mwaka 1972 akamrithi Stan Lee kama mhariri mkuu. Jim Shooter naye alikuwa bado mvulana wa shule alipoanza kuwauzia DC visa katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1978 alikuwa mhariri mkuu wa Marvel.

Kwa hiyo mtu anapozungumza juu ya watunzi wa miaka ya 1970 kuyakataa au kuyakubali matakwa ya mashabiki, anazungumza juu ya mashabiki wa jana wakibishana na mashabiki wa leo. Aidha, soko lenyewe lilikuwa likibadilika. Kuanzia mwaka 1973, kwa juhudi za mfanyabiashara Phil Seuling, wachapishaji walianza kuyauzia maduka maalumu vitabu ambavyo havingeweza kurudishwa visiponunuliwa. Hapo awali katuni iliuzwa kwenye vibanda vya magazeti kwa mtoto yeyote apitaye njiani. Polepole ikawa bidhaa ya mtu anayejua anachokitafuta, anayekumbuka kilichotokea katika toleo la miaka kumi iliyopita, na ambaye atakasirika kikisahauliwa. Hadhira ilipungua kwa upana lakini ikaongezeka kwa kina cha kumbukumbu. Wachapishaji waliipenda hadhira hiyo kwa sababu ilinunua kwa uhakika, na waliiogopa kwa sababu iyo hiyo.

Mfano wa kwanza unaostahili kuzingatiwa ni kifo cha Gwen Stacy, mchumba wa Peter Parker, katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man lenye tarehe ya Juni 1973. Mwandishi alikuwa Gerry Conway, kijana wa miaka 20, na mchoraji Gil Kane. Uamuzi ulitokana na sababu ya kimsuko: mapenzi ya Peter na Gwen yalikuwa yamefika mahali ambapo hatua iliyobaki ilikuwa ndoa, na ndoa ingemzeesha jagina ambaye mvuto wake ulikuwa ujana na mikosi. Wasomaji walighadhibika. Stan Lee, alipokabiliwa na wanafunzi katika ziara zake za vyuoni, alidai kuwa uamuzi huo ulipitishwa bila yeye kujua; Conway amekanusha maelezo hayo tangu hapo.

Kinachotuvutia zaidi ni yaliyotokea katika ukurasa wa barua. Katika picha ya kifo, Spider-Man anamnasa Gwen kwa utando wake anapoanguka kutoka darajani, na karibu na shingo yake kuna tanakali ndogo ya sauti ya kitu kinachovunjika. Je, aliuawa na mwovu aliyemsukuma au na mkono uliotaka kumwokoa? Wasomaji waliuliza, na Roy Thomas akajibu katika ukurasa wa barua wa toleo la 125 kwamba mshtuko wa kusimamishwa ghafla ndio uliomuua. Jibu hilo lilikuwa zito kuliko hadithi yenyewe. Barua za wasomaji hazikuifanya hadithi iwe laini. Ziliifanya iwe kali zaidi, kwa sababu zilileta swali, na swali lilidai jibu lenye hoja.

Baadaye Conway alitakiwa amrudishe Gwen. Alitii, lakini kwa namna ya pekee. Katika kisa kilichofikia kilele chake katika toleo la 149 la Oktoba 1975, anayerudi ni nakala ya Gwen iliyokuzwa katika maabara na mwalimu aliyempenda. Nakala hiyo inatambua kwamba si yeye aliyependwa na Peter, na mwishoni inaondoka. Wasomaji walipewa sura waliyoililia na wakanyimwa kile walichokitaka kwa hakika, yaani kufutwa kwa kifo. Kwa maoni yetu huu ni miongoni mwa mifano bora ya uadilifu wa kisanaa katika utanzu huu, na haukutokana na kukaidi hata kidogo. (Ni kweli kwamba ujanja huo huo wa nakala ulifufuliwa baina ya 1994 na 1996 katika sakata ambalo lilirefushwa kwa sababu liliuzwa vyema, hadi wasomaji wakachoka kabisa. Conway hawezi kubebeshwa mzigo huo.)

Sasa tuingie katika mwaka 1988. Robin wa kwanza, Dick Grayson, alibuniwa mwaka 1940 ili Batman apate mtu wa kuzungumza naye na wasomaji wadogo wapate wa kujifananisha naye. Katika miaka ya 1980 Grayson alikuwa amekua na kuongoza kikundi chake mwenyewe katika mfululizo mwingine uliopendwa sana, kwa hiyo mwaka 1983 aliletwa mvulana mwingine, Jason Todd, achukue nafasi yake kando ya Batman. Hapo mwanzo Jason alikuwa kivuli cha mtangulizi wake: naye pia alikuwa mwana wa wanasarakasi waliouawa. Mwaka 1987 Max Allan Collins alimwandika upya akawa mtoto wa mtaani ambaye Batman anamkuta akiiba magurudumu ya gari lake. Jim Starlin, aliyefuata, hakuficha kwamba wazo la jagina kumpeleka mtoto vitani lilimkera, na katika visa vyake Jason alizidi kuwa mkaidi na mwenye hasira. Barua za wasomaji zilionyesha kutompenda. Je, walimkataa mhusika, au waliitikia namna alivyoandikwa na mtu asiyemtaka? Hatudhani kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Mhariri Dennis O'Neil alipata wazo lake kutoka televisheni: kipindi cha vichekesho cha mwaka 1982 ambapo Eddie Murphy aliwaomba watazamaji wapige simu ili waamue kama kamba-mti apikwe au aachwe. Kisa kilichoitwa A Death in the Family kilichapishwa katika matoleo ya 426 hadi 429 ya Batman, kikiandikwa na Starlin na kuchorwa na Jim Aparo. Mwishoni mwa toleo la 427, Joker anamcharaza Jason kwa mtaimbo na kumwacha katika bohari lenye bomu, bomu linalipuka. Kwenye jalada la nyuma palikuwa na tangazo lenye nambari mbili za simu, moja ya uhai na moja ya kifo, na kila simu ilitozwa senti 50. Laini zilikuwa wazi kwa saa 36, tarehe 15 na 16 Septemba. Matoleo mawili ya mwendelezo yalikuwa yameandaliwa. Kura za kifo zilikuwa 5,343 na za uhai 5,271. Jason alikufa kwa tofauti ya kura 72 kati ya 10,614, yaani chini ya asilimia moja.

Takwimu hizi zinastahili kutafakariwa kabla ya kusemwa kwamba mashabiki walimuua Robin. Hakuna kilichomzuia mtu mmoja kupiga mara nyingi, na O'Neil mwenyewe alisimulia baadaye uvumi aliousikia wa mtu aliyeitegeshea kompyuta yake ipige nambari ya kifo kwa saa kadhaa. Hata tukiuacha uvumi huo, hadhira iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu haina takwa moja ambalo mtunzi anaweza kulitii au kulikataa. Ina ubishi, na ubishi ni mali ghafi ya sanaa. Ila simu haikuweza kuubeba. Barua ya mwaka 1973 ilikuja na sababu: nampenda kwa hili, nakasirika kwa lile, mbona picha hii inapingana na maneno yale. Simu ya mwaka 1988 ilikuja na namba tupu. Fanani wa jadi, hata anapombadilishia sungura hatima yake, anabaki mwenye dhima ya kuyafanya mabadiliko hayo yaaminike ndani ya ngano. Katika kura ya simu dhima hiyo ilihamishwa hadi kwenye mashine ya kuhesabu. Kwa mintarafu hii tunaona kwamba kosa la O'Neil halikuwa kuwauliza wasomaji, bali kuwauliza kwa chombo kisichoweza kusikia sababu.

Liko jambo jingine, ambalo halijashughulikiwa vya kutosha na wanaokiandikia kisa hiki. Bohari hilo liko Ethiopia. Jason amefika huko akimtafuta mama yake mzazi, daktari katika shughuli za misaada, na ghasia nzima inatokana na Joker kuziiba dawa zilizokusudiwa wakimbizi na kuweka sumu yake mahali pake. Kisa kilichapishwa miaka michache tu baada ya njaa ya 1984 na 1985, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki kambi hiyo si mandhari ya kubuni. Wakimbizi wanaokaribia kufa kwa sumu hawana majina. Hawakuwekewa nambari ya simu. Sisemi hili ili kumlaumu Starlin peke yake, ambaye kwa kweli alikuwa miongoni mwa walioongoza mwaka 1985 katika kuandaa kitabu cha katuni cha kuchangia waathiriwa wa njaa hiyo. Nasema tu kwamba neno hadhira, linapotumiwa katika mjadala huu, lina mipaka ya kijiografia ambayo mhakiki hana budi kuitaja.

Matokeo ya kura yaliwashangaza wenyewe walioiandaa. Vyombo vya habari viliripoti kwamba Robin ameuawa, na watu ambao hawakuwa wamefungua kitabu cha katuni kwa miaka mingi walidhani ni yule wa utoto wao. O'Neil alieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipong'amua kuwa alichokuwa akikisimamia hakikuwa hadithi ya kubuni tu bali aina fulani ya ngano za jamii ya viwanda. Kauli hiyo, kutoka kwa mhariri na wala si kwa mwanazuoni, inatuunga mkono katika kuzilinganisha hadithi hizi na fasihi simulizi.

Hapa ndipo mmiliki anapojitokeza. Starlin amesimulia mara kadhaa kwamba waliokasirika zaidi ndani ya kampuni walikuwa watu wa idara ya leseni, kwa sababu sura ya Robin ilikuwa imechapishwa kwenye bidhaa za kila namna, na kwamba muda si mrefu kazi yake katika kampuni hiyo ilikauka. Wasomaji walikuwa wameulizwa, mwandishi alikuwa ametekeleza, mhariri alikuwa ameidhinisha, na bado palikuwa na mwenye mali ambaye hakuona ni jambo la sanaa hata kidogo. Mtu anaweza kulinganisha na hali yetu. Bwana Msa alikuwa wa Muhammed Said Abdulla, na Willy Gamba alikuwa wa Elvis Musiba. Msomaji aliyetaka Willy Gamba afanye hivi au vile alikuwa akizungumza na mwenye Willy Gamba. Msomaji wa Superman hana mtu wa namna hiyo wa kuzungumza naye, kwani Siegel na Shuster waliuza haki zao kwa dola 130 mwaka 1938. Walipopata hatimaye malipo ya uzeeni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja, na majina yao kurejeshwa kwenye kazi yao mwaka 1975, ilikuwa ni kwa shinikizo la umma na la wachoraji wenzao, Neal Adams akiwa mstari wa mbele. Mvutano wa wakati ule haukuwa wa shabiki dhidi ya mtunzi.

Tukio la mwaka 2007 linaliweka suala hili wazi zaidi. Peter Parker alikuwa amemwoa Mary Jane Watson mwaka 1987. Joe Quesada, mhariri mkuu wa Marvel, aliamini kama walivyoamini watangulizi wake wa 1973 kwamba ndoa inamzeesha jagina, na talaka aliiona ingemzeesha zaidi. Katika kisa cha One More Day, ambacho Quesada alikichora mwenyewe, ndoa hiyo inafutwa kwa mapatano na shetani kana kwamba haijawahi kuwako. Mwandishi J. Michael Straczynski alitofautiana hadharani na namna kisa kilivyomalizwa na akafikiria kuliondoa jina lake katika sehemu za mwisho. Wasomaji wengi walikasirika. Kwa mujibu wa mgawanyo uliozoeleka, tungesema Quesada ndiye aliyesimamia sanaa dhidi ya mashabiki. Lakini mwandishi na mashabiki walikuwa upande mmoja, na aliyekuwa upande wa pili alishika wadhifa unaomwakilisha mwenye mali, ambaye anahitaji Peter Parker awe kijana kwa vizazi vijavyo vya wanunuzi. Tukiyalinganisha matukio haya mawili, tofauti yake kisanaa haiko katika nani aliyetiiwa. Conway mwaka 1975 aliyaacha matokeo yabaki: Gwen alikufa, na Peter akaishi na hilo. Mwaka 2007 matokeo ya miaka 20 yalifutwa, na wahusika wakanyimwa hata kumbukumbu yake. Msomaji anayelalamikia kufutwa kwa namna hiyo hadai kubembelezwa. Anadai kwamba alichokisoma kiwe kilitokea.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mashabiki ni walinzi wa matokeo wakati wote. Mwaka 1994 Ron Marz aliandika kisa ambamo Hal Jordan, Green Lantern wa siku nyingi, anapagawa kwa huzuni baada ya mji wake kuangamizwa na kuwageukia wenzake. Baadhi ya mashabiki waliunda chama cha kupigania arudishwe kama alivyokuwa, wakaendesha kampeni kwa miaka. Jordan alirudishwa mwaka 2004 na Geoff Johns, na lawama ya maovu yake ikatupiwa kiumbe kilichokuwa kimemwingia. Hadithi iliuzwa sana na ina ufundi wake, lakini janga la kimaadili liligeuzwa kuwa ugonjwa.

Jason Todd naye alirudi, mwaka 2005, katika kisa cha Judd Winick. Anarudi akiwa mtu mzima mwenye ghadhabu, na hoja yake kwa Batman haihusu kwa nini hakuokolewa. Inahusu kwa nini Joker angali hai. Swali hilo lisingeweza kuulizwa na Robin ambaye hakuwahi kufa, na kwa sababu hiyo tunauhesabu ufufuo huu karibu na nakala ya Conway kuliko na mapatano ya Quesada. Kabla ya hapo, mwaka 1989, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na Tim Drake, mvulana aliyegundua siri ya Batman kwa kufuatilia habari zake kwa miaka na kuzipanga vipande vipande, kisha akaenda kumweleza kwamba anahitaji Robin. Mwaka mmoja baada ya kura, waandishi walimkabidhi msomaji vazi lenyewe.

Kurasa zilizochorwa na Aparo kwa ajili ya matokeo ya pili hazikuchomwa. Mnamo Desemba 2023, DC ilichapisha toleo la 428 ambamo Batman anamtoa Jason katika kifusi na kumkuta anapumua, na mwaka 2024 mfululizo mfupi wa J. M. DeMatteis uliendeleza kisa cha Robin aliyenusurika. Waliopiga kura 5,343 na waliopiga kura 5,271 sasa wote wana toleo lao dukani, chini ya nembo moja.